Mkate Wako Unaanzia Shambani: Kutu ya Ngano, Tarehe ya Kupanda na Ile Vita Hakuna Mtu Anaitrendisha

Juni 2024 kila msee Kenya hii alikuwa anajua ushuru wa mkate ni asilimia ngapi. Kumi na sita. Hata wale hawajawahi kusoma mswada maishani walikuwa wanakuambia kifungu na ukurasa. Tarehe 18 Juni serikali ikatoa mkate kwa hiyo listi, na Juni 26 rais akasema hasaini Mswada wa Fedha wote. Historia hiyo unaijua, pengine ulikuwa huko nje mwenyewe.

Sasa kuna ushuru mwingine kwa mkate, na huu haupitii bunge. Hauna waziri wa kutetea wala kamati ya kuuliza maswali. Unaletwa na upepo, unatua kwa shina la ngano, na kama mkulima alipanda wiki tatu akiwa amechelewa, anaweza kurudi shambani apate kile alidhani ni mavuno ni majani matupu yenye rangi ya mabati mzee.

Unaitwa kutu. Wacha tuongee juu yake polepole, juu hii story inagusa chapo yako kuliko vile unadhani.

Hesabu ya chapo kwanza

Kenya inakula ngano zaidi ya tani milioni 2 kwa mwaka. Chapo, mandazi, mkate, keki ya birthday, spaghetti, hata ile noodles ya mwisho wa mwezi. Ya kwetu tunayolima ni kidogo sana. Zaidi ya asilimia 80 inaingia na meli kupitia Mombasa.

Ndiyo maana 2022, Urusi ilipoingia Ukraine, watu wa Pipeline na Kayole walisikia hiyo vita kwa mfuko wa unga wa ngano. Hizo nchi mbili zilikuwa zinatuuzia ngano mob. Bei ya dunia ikaruka, dola nayo ikapanda, na mama wa chapo akafanya kile kila mama wa chapo hufanya: bei ikabaki ile ile kwa muda lakini chapo ikaanza kuwa nyembamba hadi ukiiangalia unaona upande ule mwingine.

Kwa hivyo unaweza kuuliza: kama nyingi inatoka nje, kwani mkulima wa Narok ana shida gani na mimi? Ana sababu mbili.

Ya kwanza, kila gunia lenye halilimwi hapa ni dola inatoka. Ikiwa ngano yetu inaliwa na ugonjwa na wakulima wanahamia mahindi, ama wanauza shamba ligeuke ploti, tunazidi kutegemea meli. Na meli haijali kama wewe ni hustler.

Ya pili ndiyo kubwa. Ugonjwa unaosumbua ngano ya hapa ndio uliotisha dunia nzima. Na vita dhidi yake, amini usiamini, ina makao yake makuu karibu na Nakuru.

Msee anaitwa Ug99

1998, kituo cha utafiti cha Kalengyere, kusini magharibi mwa Uganda. Watafiti wakaona kitu kisichofaa kuwepo. Ngano iliyokuwa na jeni maarufu inayoitwa Sr31, ile dunia yote ilikuwa inaitegemea kuzuia kutu ya shina, ilikuwa imejaa kutu ya shina. Hiyo jeni ilitolewa kwa nafaka inaitwa rai, binamu ya ngano, na ilikuwa imefanya kazi miaka mingi hadi watu wakaanza kuamini kutu ya shina imeisha.

Hii kuvu mpya ikapewa jina Ug99: Uganda, 1999. Inasikika kama jina la msanii wa gengetone, lakini si mchezo. Wanasayansi walipopima, wakakuta zaidi ya asilimia 80 ya aina za ngano zilizokuwa zinapandwa duniani haziwezi kuizuia.

Kutoka Uganda ikafika Kenya, Ethiopia, Sudan, ikavuka Bahari ya Shamu hadi Yemen 2006, Iran 2007. Haikuomba visa. Spora za kutu ni nyepesi kuliko vumbi ya barabara ya ushago, na upepo unaweza kuzibeba kilomita maelfu.

2005 mzee Norman Borlaug, yule Mmarekani aliyepata Nobel ya Amani 1970 kwa kazi yake ya ngano, alikuja Kenya akiwa na miaka 91 kuambia dunia: amkeni. Fikiria mzee wa miaka 91 anaacha kiti chake kwa ajili ya ugonjwa wa majani. Alikuwa anajua njaa inafanana aje. Alikufa 2009 akiwa bado anapiga hiyo kelele.

Jeni moja ni kama paswadi moja

Hapa ndipo story inakuwa tamu, na pia ndipo watu wengi hupotelea.

Ukisikia mbegu "inastahimili ugonjwa", usifikirie ukuta wa mawe. Fikiria paswadi. Mmea una jeni inayotambua kutu na kuifungia mlango. Lakini kutu nayo inabadilika. Kuna mabilioni ya spora kwa shamba moja. Inahitajika moja tu yenye mabadiliko sahihi na mlango unafunguka. Baada ya hapo hiyo moja inazaana, na kila shamba lenye paswadi ile ile limeingiliwa.

Kenya tumeona hii movie zaidi ya mara moja. Baada ya Sr31 kuanguka, watu wakaegemea jeni ingine, Sr24. Kulikuwa na aina ya ngano inaitwa Kenya Mwamba ambayo wakulima waliipenda, na jina lenyewe lilikuwa la kujiamini. 2006 kizazi kipya cha Ug99 kikaonekana hapa Kenya kikiwa kimejifunza kupita Sr24. 2007 Mwamba ikapigwa vibaya. Mwamba ukawa mchanga.

Ikaja Robin. Mavuno poa, inastahimili, kila mtu akaikimbilia. 2014 kutu ikapata njia ya kupita ile jeni ilikuwa inalinda Robin. Majirani zetu Ethiopia walikuwa wamelia msimu huo wa kuelekea 2014, pale aina yao pendwa, Digalu, ilianguka mbele ya aina tofauti ya kutu ambayo haikuwa hata ya ukoo wa Ug99.

Umeona pattern? Mbegu moja inapendwa, kila shamba inaipanda, kutu inapata soko kubwa la kujaribu paswadi moja, mwishowe inaibahatisha. Umaarufu wenyewe ndio unaua mbegu. Kama tu ile njia ya mkato ya kukwepa jam: siku moja wewe peke yako unaijua, mwezi ukiisha kila mtu yuko huko na imekuwa jam yenyewe.

Njoro, penye ngano ya dunia hukuja kupigwa

Ukitoka Nakuru uelekee Njoro, kuna kituo cha KALRO. Kazi ya ngano ilianza hapo 1927. Hata kabla ya hapo, mkoloni Lord Delamere alijaribu ngano Njoro mwanzoni mwa miaka ya 1900, kutu ikamfilisisha mashamba hadi akaajiri mtaalamu wa kutafuta mbegu zinazovumilia. Kwa hivyo kutu na Njoro ni mabeste wa zamani wasiopendana.

Tangu 2005, Njoro imekuwa ulingo wa dunia. Nchi zaidi ya 20 zinatuma mbegu zao hapo, maelfu kwa maelfu kila mwaka, zipandwe makusudi katikati ya kutu. Unapanda mistari ya ngano dhaifu kando, unaidunga spora kwa sindano ili iugue, halafu unaacha upepo ufanye kazi. Ile mbegu inabaki imesimama inaendelea. Ile inaanguka, kwaheri. KALRO wanafanya hiyo kazi na CIMMYT, lile shirika la utafiti wa mahindi na ngano lenye makao Mexico.

Matokeo yake ni fikra tofauti kabisa. Badala ya paswadi moja kubwa, wafugaji wa mbegu wakaanza kuunganisha jeni ndogo ndogo kadhaa, kila moja ikifanya kidogo. Hazifungi mlango kabisa. Zinachelewesha tu. Kutu inaingia, lakini inatambaa polepole, madoa yanakuwa madogo, na kabla ikue kubwa ngano imeshakauka na kombaini imepita. Kenya Kingbird, iliyotolewa 2012, ndiyo mfano maarufu wa hii stail. Na ni ngumu kwa kutu kuhaki, juu inabidi ibadilike mara kadhaa kwa mpigo.

Chuo Kikuu cha Eldoret nao wakapitia njia ingine: wakachukua mbegu, wakaipiga mionzi ibadilike, wakachuja hadi wakapata Eldo Ngano 1, iliyotolewa 2014 na kusaidiwa na lile shirika la nguvu za atomiki la Umoja wa Mataifa. Ndiyo, atomiki kwa chapo. Na hapana, chapo haiwaki usiku.

Sasa hapa ndipo tarehe inaingia

Wengi wakisikia hii story wanadhani imeisha: toa mbegu fiti, pea mkulima, case closed. Hapo ndipo tunakosea, na hapo ndipo ningetaka ukae kidogo.

Hizo jeni ndogo ndogo za kuchelewesha zina tabia moja: zinafanya kazi vizuri mmea ukiwa mkubwa. Mmea mtoto haujavaa hiyo jaketi bado. Kwa hivyo swali la maana si "mbegu gani" peke yake. Ni mbegu gani, ikiwa na umri gani, siku ile kutu inafika.

Cheki hesabu. Spora ikitua kwa shina lililo na umande usiku, na mchana kuwe na joto la wastani, inaota, inaingia ndani, na baada ya kama wiki 2 inapasua ngozi ya shina na kutoa spora maelfu. Hizo nazo zinatua kwa jirani. Wiki 2 zingine, kizazi kingine.

Tuseme, kwa mfano tu, kila doa moja linazaa madoa 10 mapya. Mkulima aliyepanda na mvua anavuna kutu ikiwa imefika doa 100. Jirani yake aliyechelewa mwezi mmoja ana vizazi 2 zaidi vya kutu kabla avune. Hiyo ni 100 mara 10 mara 10: doa 10,000. Mbegu ile ile, udongo ule ule, dawa ile ile. Tofauti ni kalenda.

Na kuna kona ya pili. Huyo wa kuchelewa hapati kutu ya mwanzo wa msimu, ile chache chache. Anaipata ikiwa imeshajaa kwa mashamba ya waliotangulia, inamwagika kwake ngano yake ikiwa bado changa, kabla ile jaketi ivaliwe. Shina likishajaa madoa, maji na chakula havifiki kwa suke. Punje zinajikunja, zinakuwa nyembamba kama mbegu za nyasi. Kutu ya shina ikikamata vizuri aina dhaifu, shamba linaweza kwenda lote.

Hii akili si mpya. Zaidi ya miaka 100 iliyopita, Australia, bwana anaitwa William Farrer aliunda ngano za kukomaa haraka, na moja ya faida ilikuwa hiyo: vuna kabla kutu ifike. Wataalamu wanaita kukwepa. Ni tofauti na kustahimili. Mwenye kustahimili anapigwa ngumi anasimama. Mwenye kukwepa hakuwa hapo ngumi ikirushwa.

Na hii tofauti inadanganya watu vibaya. Mkulima anapanda mapema, shamba linatoka safi, anaambia mbogi nzima "hii mbegu ni noma". Mwaka unaofuata kila mtu anaipanda, mvua inachelewa, kutu inapita nayo. Kumbe mbegu haikuwa noma. Tarehe ndiyo ilikuwa noma.

Basi si wapande mapema tu?

Ungedhani ni rahisi. Ukipanda mapema sana, kuna siku utavuna ndani ya mvua. Ngano iliyolowa ikiwa bado kwa suke inaanza kuota hapo hapo, na msagaji akiona hivyo anakurudishia lori ama anakupea bei ya kuku. Na ukipanda kabla mvua itulie, ile ya kwanza ikinyesha mara moja na kupotea, mbegu inakauka kwa udongo na ganji yako nayo.

Halafu kuchelewa si uvivu. Ngano ya Kenya nyingi inalimwa kwa mashamba ya kukodi, hasa Narok. Unangoja mwenye shamba akubali bei. Unangoja trekta, juu mwenye trekta ana foleni na mvua ikinyesha kila mtu anampigia simu siku moja. Unangoja mbolea. Mnakumbuka 2024, sakata la mbolea feki? Watu mtaani waliitazama kama udaku wa siasa. Kwa mkulima, mbali na hasara ya gunia, ilikuwa siku. Siku za kuzunguka kutafuta ingine huku mvua ikienda. Sasa unajua wiki 2 za kuchelewa zinanunua nini: kizazi kimoja cha kutu.

Mvua nayo siku hizi ni kama msanii wa Bongo aliyelipwa advansi: anaweza kuja, anaweza asije, anaweza kuja saa nane usiku. Kalenda ya babu imechanganyikiwa. Mkulima anapanga kwa tarehe, mvua inapanga kwa mood.

Anayechelewa anabaki na njia moja: dawa. Kunyunyizia dawa ya kuvu kunasaidia, na kwa msimu mbaya bila dawa unaweza kukosa kila kitu. Lakini dawa ni doh, na inataka ipigwe kabla kutu ishike, si baada ya shamba kubadilika rangi. Mwenye ekari 1,000 ana mashine na mtaalamu. Mwenye ekari 5 anakodi pampu ya mgongoni na anaomba Mungu. Kwa hivyo kutu, kama kila kitu Kenya, ina tabaka.

Kenya haina likizo ya kutu

Kuna kitu kingine kinatufanya tuwe sehemu maalum. Nchi zenye baridi kali, kuna miezi ngano yote imekufa na kutu inakosa nyumba. Hapa kwetu? Pande za chini za Narok zinapanda mapema, za juu zinafuata katikati ya mwaka. Uasin Gishu wako na ratiba yao. Timau na Laikipia wako na yao. Matokeo ni kwamba mwezi wowote ukichagua, kuna mahali Kenya kuna ngano ya kijani. Kutu inahama tu kama msee anayekwepa landilodi, kutoka keja moja hadi ingine, haijawahi kulala nje.

Ndiyo maana Njoro ni mahali pazuri pa kupimia mbegu za dunia, na ni kwa sababu hiyo hiyo kulima ngano hapa ni kazi ngumu. Pia ndiyo sababu mkulima mmoja mjanja hawezi kujiokoa. Ukipanda kwa wakati na jirani wako wa kilomita 3 akaacha ngano iliyojiotea shambani baada ya kuvuna, umelala na mlango wa jirani uko wazi. Kutu ni shida ya mbogi, na suluhisho lake ni la mbogi: mtaa mzima upande ndani ya wiki chache, uchanganye aina tofauti badala ya wote kukimbilia ile moja inatrend, na ngano ya kujiotea ing'olewe.

Kwa nini wewe wa Nairobi ujali

Juu maamuzi yanafanywa Nairobi. Ukisikia serikali inaongea juu ya mbolea ya bei nafuu, usiulize tu bei. Uliza inafika lini. Mbolea ya bei poa inayofika mwezi mmoja baada ya mvua ni zawadi kwa kutu.

Ukisikia mbegu mpya imezinduliwa na mawaziri wamepiga picha, uliza ni magunia mangapi yamefika kwa duka la Bomet ama Ziwa. Mbegu bora iliyofungiwa kwa kituo cha utafiti haijawahi kuzuia kutu ya mtu. Wakulima wengi bado wanapanda mbegu waliyojiwekea kutoka msimu uliopita, wengine ya aina iliyopigwa na kutu miaka nyuma, juu ndiyo iko na ndiyo ya bure.

Na ukisikia pesa za utafiti zimekatwa, usiskrol. 2025 Marekani ilifunga USAID, na CIMMYT ni kati ya wale waliokuwa wanategemea hiyo hela. Kupima mbegu Njoro si kitu cha kufanya mara moja na kumaliza. Kutu inabadilika kila msimu, kwa hivyo lazima mtu awe macho kila msimu. Ukilala mwaka mmoja, haujui ni paswadi gani imevunjwa hadi uione kwa shamba la mtu aliyekopa kupanda.

2024 tulijifunza kitu: vijana wakisoma mswada kifungu kwa kifungu, wakubwa wanatoka jasho. Bajeti ya kilimo nayo ni karatasi, iko na vifungu, na iko na tarehe. Msimu ujao wa bajeti, ukimaliza kutafuta neno "mkate", tafuta pia neno "mbegu". Halafu angalia kalenda uone kama hiyo pesa inatoka kabla ya mvua ama baada.